Kikohozi cha Mwenza: Kwa Fundi Mizani, Mwaka Mmoja Baadaye

Mwaka mmoja umetimia leo tangu ulipotutoka, Fundi Mizani wetu, ukaacha propela ya akiba imebanwa kwenye jiriwa, panga lake moja limenolewa na la pili bado. Hilo la pili linakusubiri. Hakuna aliyethubutu kulitia tupa.

Tunakuandikia hapa gazetini ili wewe usikie, na wengine wasikie. Hasa hao wengine.

Miaka thelathini na moja ulitengeneza mizani. Ya sokoni, ya duka la dawa, ya zahanati wanakopimia watoto wachanga, zote zilipita mikononi mwako. Mwenye duka akikuvuta pembeni na kukunong'oneza, "Fundi, ilegeze kidogo tu, gramu kumi, nani atajua?" ulikuwa unafunga mkoba wako wa spana na kumjibu, "Yenyewe itajua." Kisha unaondoka, chai yake umeiacha inafuka mezani. Wengine walikuita mkaidi. Tulikuita baba, kaka, mume, shemeji, na mara nyingine mkaidi pia.

Jumamosi ulikuwa wa boti. Wasiojua wajue: ni boti ya mashindano ya kuendeshwa kwa rimoti, urefu wake hatua moja ya mtu mzima, ya plaiwudi na gundi. Injini yake inaenea kwenye kiganja. Inakunywa spiriti iliyochanganywa na nitro na mafuta ya nyonyo, na ikishika kasi inapiga kelele ya kumtoa nyoka pangoni. Ikiwa mbioni hailali juu ya maji kama boti nyingine. Inayagusa mahali patatu tu: mabega yake mawili ya mbele, na nusu ya propela nyuma. Sehemu nyingine yote iko hewani.

"Sasa hicho ni chombo cha majini au ni ndege?" mkeo alikuuliza zamani hizo.

"Kikigusa maji sana, kinachelewa. Kisipogusa kabisa, kinapinduka," ulimjibu. "Kazi yote iko hapo katikati."

Baada ya miaka miwili ya kufua mashati yanayonuka nyonyo iliyoungua, mkeo akaipa jina: mke mwenza. Ulicheka hadi ukashika meza. Jumamosi iliyofuata ukaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MWENZA. Halafu ukaipima ile rangi. Gramu nne. Ukashika msasa ukaenda kukwangua gramu nne mahali pengine, ndani, pasipoonwa na mtu.

Mkeo hakuwahi kukufuata bwawani. "Siendi kumtazama mwenzangu akipigiwa makofi," alisema, na akaishika kauli yake. Yeye alipiga pasi chumba cha pili, ukuta wa mbao kati yenu. Saa tisa alasiri ulikuwa unaipandisha boti kwenye stendi, unaiwasha, nayo inakohoa. Koh, koh, koh, na moshi wa buluu unapita chini ya mlango.

"Mwambie mkeo mdogo anywe dawa," mkeo alipiga kelele toka upande wake.

"Huyu haumwi. Huyu anashiba."

Sote tulidhani ni utani wa mke na mume. Miaka ishirini na miwili tulidhani hivyo.

Sasa tulitaje lile jambo. Hatulifichi, maana aliyelifanya hakujificha.

Mwaka jana, kwenye bwawa la machimbo ya zamani ya kokoto, Mwenza alimaliza mizunguko sita kwa dakika mbili na sekunde kumi na moja. Katika chama chenu cha boti hakuna aliyewahi kufika hapo. Boti tatu zilizobaki nyuma yako zilikuwa za Mwenyekiti wa chama, ambaye anaziuza, zimekamilika, zikitoka ng'ambo ndani ya maboksi. Alikuwa amevaa shati jeupe la mifuko miwili, kalamu katika mfuko wa kushoto. Tunakumbuka hata kalamu ilikuwa haina kifuniko.

"Injini ya ukubwa ule haiwezi kusukuma ubao wa kabati namna ile," alisema mbele ya watu. "Hii imetanuliwa."

"Ifungueni mpime," ulisema.

"Hatuna kipimo hapa."

"Mimi ninacho. Kiko mkobani."

"Mshtakiwa hajipimi mwenyewe, bwana."

Watu wakacheka. Jina lako likafutwa kwenye ubao wa rekodi kwa kitambaa chenye maji, vibaya, hata herufi ya kwanza ikabaki inaonekana kama mtu anayechungulia mlangoni. Ulirudi nyumbani, ukaiweka boti juu ya rafu, ukanawa mikono. Ulimwambia mkeo neno moja tu: "Leo wamenipima bila mizani."

Wiki tatu baadaye moyo wako ulisimama, umekaa kwenye kiti chako cha chumba cha nyuma. Daktari alisema moyo huo ulikuwa mgonjwa siku nyingi, nasi hatumsingizii mtu kifo. Tunalosema ni kwamba uliondoka ukiwa umeitwa mwizi wa kipimo. Wewe.

Mwanao wa kwanza, yule fundi wa meno bandia, ndiye aliyeingia chumba kile baada ya miezi miwili. Alikuja na maboksi matupu, amedhamiria kukusanya vitu na kufunga mlango. Hakuwahi kuipenda boti. Ulipokuwa ukimwita aje kuona, alikuwa anajibu, "Nakuja, Baba," na haji.

Akaiona propela kwenye jiriwa.

Yeye kazi yake kutwa ni kupitisha tupa ndogo kwenye jino hadi mtu aweze kuuma bila kuhisi kitu. Anajua alama ya tupa kama wewe ulivyojua uzito. Aliinama akaangalia panga ulilolinoa, akaona umelinoa kwa nyuma na si kwa mbele. Akajiuliza, kwa nini? Akavuta kiti. Maboksi yakabaki matupu, na mpaka leo ni matupu.

Baba mtu, ungemwona. Alikuta nyembe mbili umezisimamisha kwenye kigogo, makali juu, akakaa nazo jioni nzima bila kujua ni za nini. Kesho yake akapitisha pini kwenye tundu la propela na kuilaza juu ya zile nyembe. Panga moja likashuka taratibu, lenyewe, kama linaloitwa. Hapo akaelewa: ulikuwa unapima lipi ni zito, unalipunguza pumzi moja ya tupa, unapima tena, mpaka propela inatulia popote unapoiacha. Umeipeleka mizani yako majini. Alicheka peke yake chumbani, na mama yake akagonga ukuta kuuliza kuna nani.

"Mama, kwa nini Baba aliweka pezi upande wa kulia tu?"

"Muulize mwenzangu. Mimi nilikuwa mke wa siku za kazi."

Ikambidi aende bwawani mwenyewe, akasimama nyuma ya watu kama mpita njia, akaona kuwa boti zote zinakata kona kwa kulia, na pezi ndilo linaloshika maji zisiteleze nje. Kila jibu lilizaa swali. Kwa nini bomba la moshi lina mistari saba ya penseli? Kwa nini plagi haina cheche? Akagundua kuwa ndani yake mna kijiwaya unachokiwasha kwa betri, kisha injini inakiweka chekundu yenyewe. Alikuja kutueleza hayo mezani, kijiko hewani, chakula kinapoa, na sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa yako.

Sisi wengine wakati huo tulikuwa tunaandika barua kwa chama. Ya kwanza haikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwamba ya kwanza haikufika. Ya tisa ndiyo iliyofika, kwa kuwa tuliipeleka kwa mkono na tukaisoma kwa sauti palepale, mlangoni mwao. Katibu wa chama, mwalimu wa ufundi wa chuma, mama asiyependa maneno mengi, akasema mbele ya wenzake, "Hawa wanaomba kupimwa. Tangu lini tunamnyima mtu kupimwa?"

Masharti yakawa haya. Mwenza aende na injini ileile, mizunguko sita, afike ndani ya sekunde tatu za muda wako. Kisha injini ifunguliwe na ipimwe hapohapo. Majaribio mawili, siku moja. Ikishindikana, herufi ile iliyobaki ubaoni ifutwe nayo, na barua zikome.

Mwanao akajifunza kuendesha. Na hapa, Fundi, tuna la kuungama.

Alipoishusha injini aliikuta nyonyo imeganda kwenye kabureta kama gundi. Akaifungua, akaiosha vizuri, akairudisha inang'aa. Kwenye kabureta kuna ile sindano, skrubu ndogo yenye ncha: ukiifungua injini inakunywa sana, ukiibana inakunywa kidogo. Wewe uliiacha mahali pake. Yeye aliitoa bila kuhesabu imezunguka mara ngapi.

Hakuhesabu. Mtoto wa fundi mizani. Alilia siku aliyotambua, halafu akafuta machozi akasema ataipata kwa sikio. Akaiweka boti kwenye stendi, akabana sindano kidogo kidogo, na kile kikohozi kikapungua, kikaisha, injini ikaimba laini kama cherehani mpya. Tulisimama mlangoni tukapiga makofi. Tukasema, amepona.

Majini alikwenda kama mshale mzunguko mmoja na nusu, kisha kimya. Shemeji yako mchomea vyuma akapiga makasia kwenda kumchukua. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile.

"Mimi kazi yangu ni moto," shemeji alilalamika, amelowa hadi kiunoni. "Huyu shemeji yangu wa plaiwudi anataka kunifanya bata."

Mwanao alibadilisha plagi, alisogeza bomba la moshi mstari hadi mstari, alipima tangi. Kila kinachopimika alikipima. Na kila injini ilipozima, aliirudisha kwenye stendi akabana sindano kidogo tena, iimbe laini zaidi. Alikuwa akitibu.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Asubuhi mkeo alitoka chumbani amevaa viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi, dada?" shemeji akamuuliza.

"Bwawani. Mara ile walipompima sikuwepo."

Jaribio la kwanza lilizima kwenye mzunguko wa pili. Shemeji akashika makasia tena. Mwenyekiti alikuja hadi mezani petu, shati jeupe, mifuko miwili.

"Poleni," alisema. "Si kila kitu kinarithiwa."

Katibu alitazama saa yake akasema tuna dakika kumi.

Mwanao alitoa plagi. Kile kijiwaya kilikuwa kimeyeyuka chote. Akaweka mpya, akawasha injini kwenye stendi. Ikaimba, safi, haina doa.

"Huyu nani?" mkeo aliuliza.

"Ni Mwenza, Mama."

"Siye."

"Mama, dakika zinakwisha."

"Nimepiga pasi ukutani kwake miaka ishirini na miwili. Huyu simjui. Mwenza anakohoa."

"Kukohoa ni mafuta kuzidi, Mama. Ni kasoro. Tumeiondoa."

"Mafuta siyajui mimi. Nilikuwa namwambia baba yako ampe dawa, ananiambia huyu haumwi, huyu anashiba."

Mkono wa mwanao ukasimama juu ya sindano. Tulimwona usoni. Alikuwa na ule uso wako wa kusikiliza uzito.

Juu ya stendi propela inakata hewa tupu. Injini haina mzigo, na kidogo kinaitosha. Majini inabeba boti nzima kwa kasi yake yote, mzunguko juu ya mzunguko, na kinachoitosha nchi kavu kule ni njaa. Njaa inaleta joto, joto linakula plagi. Wewe uliishibisha hapa kupita kiasi ili kule iwe kiasi. Sisi tulikupenda, tukakutibu hadi tukakuua mara ya pili.

"Mama," alisema polepole, "ukimsikia, utamjua?"

"Mke mwenza asimjue mwenzake?"

Basi mwanao akaanza kufungua sindano, na mama yake akafumba macho. Katibu alisimama na saa.

"Bado," mkeo alisema. "Bado. Huyo anasafisha koo tu. Fungua. Bado. Umepita, rudi. Hapo hapo, rudi kidogo."

Koh, koh, koh. Moshi wa buluu ukamfunika hadi kifuani.

"Mwache," alisema. "Huyo ndiye."

Vijana wa Mwenyekiti walicheka. Mmoja alisema kwa sauti kwamba kile kidude kimekufa kabla hakijalowa. Shemeji akaingia majini, akamwachia. Mwenza alikwenda kwa kujikokota, anakohoa, mkia wa moshi nyuma, na kwa kitambo kirefu sana tuliona aibu. Halafu mzigo ukamwingia. Kikohozi kikakatika. Sauti ikapanda, ikapanda tena, mabega yakainuka, na maji yakasimama nyuma yake kama ukuta mweupe. Kona ya kwanza hakutetereka. Mzunguko wa pili ukapita, pale alipokuwa akizimia. Wa tatu. Mkeo hakutazama hata mmoja. Alikuwa bado amefumba macho, anasikiliza, na midomo inahesabu.

Dakika mbili na sekunde kumi na mbili.

Mwanao alikileta kipimo chako kutoka mkobani, akakiweka mezani pamoja na injini.

"Kipimo cha marehemu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Cha marehemu," katibu alijibu, akatoa na chake. "Na hiki changu. Na kama wewe unacho, kilete, tusubiri."

Hakuwa nacho. Injini ikafunguliwa. Walipima upana wa silinda na mwendo wa pistoni, kwa chako na kwa cha katibu, na vyote viwili vikasema neno lilelile: ndani ya kanuni, na nafasi ikabaki. Katibu akachukua rangi akaandika jina lako ubaoni kuanzia ile herufi iliyokuwa ikichungulia, akaandika na muda wako, dakika mbili na sekunde kumi na moja. Huo wa kumi na mbili ni wa mwanao. Ameomba asiandikwe. Amesema atarudi kuutafuta mwenyewe.

Mwenyekiti alisema, "Basi, yameisha." Hakuomba radhi. Tumeliweka hilo nalo penye kumbukumbu, na halihitaji nafasi kubwa.

Safari ya kurudi, mkeo alimpakata Mwenza magotini, juu ya nguo yake nzuri, nyonyo na yote. "Amekonda sana mwaka huu," alisema. "Mlikuwa mnamlaza njaa."

Bado tuna maswali yako, Fundi. Mistari saba ya bomba tumeelewa mitano. Ndani ya kifuniko cha boti umeandika 17 kwa penseli, na kumi na saba ya nini hatujui, na mwanao hataki kuambiwa, anataka kuijua. Sindano ameihesabu sasa: mizunguko mitatu na robo. Ameandika ukutani karibu na stendi, na chini yake ameongeza: *Kisha muulize Mama.*

Ile meza ya pasi imehamia chumba cha nyuma.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mke wa siku za kazi na sasa wa Jumamosi pia, mwanao fundi wa meno, aliyechelewa kuja kuona, akaja, shemeji yako mchomea vyuma, ambaye nguo zake hazijakauka, ndugu zako wa tumbo moja, tulioandika barua tisa na tuna wino wa kumi, na Mwenza.

Daima utabaki ukikumbukwa katika nyumba hii. Na atakayepita dirishani petu Jumamosi saa tisa alasiri akasikia kikohozi, asitupe pole. Hakuna mgonjwa humu. Anashiba.